Mzunguko wa Dunia na Futari Zetu

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyeumba mbingu na ardhi kwa kipimo. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, wapo wazazi wanaomkanya mtoto asisadiki anapofundishwa shuleni kwamba dunia huzunguka, wakidhani somo hilo linapingana na la chuoni. Kwa maoni yangu, mzazi wa namna hiyo anamnyima mwanawe elimu ambayo ibada yake inaihitaji kila siku.

Tuchukue mfano wa funga. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, nyuzi 360 kwa saa 24. Yaani uzi mmoja kila dakika 4. Baina ya Dar es Salaam na Kigoma pana takriban nyuzi 10. Kwa hiyo jua linapozama Dar es Salaam, Kigoma bado linaonekana kwa kiasi cha dakika 40. Saa za Tanzania nzima ni moja, lakini Magharibi si moja. Aliyeko Kigoma akifuturu kwa adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam, amefungua kabla ya wakati, na huenda hajui.

Wanazuoni wetu hawakuiogopa fani hii. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alisimamia nyakati za sala katika Msikiti wa Umawiyya mjini Damascus, na papo hapo alikuwa bingwa wa elimu ya falaki. Hakulazimika kuchagua kimoja akakiacha kingine.

Tena elimu hii huzidisha shukrani. Sura Al-Qasas inatutaka tutafakari hali yetu lau usiku ungedumu, au mchana ungedumu. Sayari ya Zuhura hujizungusha polepole mno, hata mchana wake mmoja pamoja na usiku wake ni takriban siku 117 za kwetu. Sisi tumepewa usiku wa kupumzika na mchana wa kutafuta riziki ndani ya saa 24.

Basi mwanao akikueleza aliyojifunza, usimkemee. Keti naye, mlinganishe ratiba ya sala ya mji wenu na ya mji mwingine, naye akupigie hesabu ya tofauti.

Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na azikubali ibada zetu. Amin.