WATOTO WASITUBEBEE POMBE

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, nilikuwa nimekaa kilabuni hapa kwetu. Likaletwa dumu la mnazi kwa baiskeli. Aliyelishusha ni mtoto wa darasa la sita. Sote tulimwona, tukanyamaza, tukasogeza makopo yetu. Na mimi nilisogeza langu. Nimeona haya kuliandika jambo hili, lakini kuliacha ni aibu kubwa zaidi.

Wengi wetu tunadhani sheria inakataza kumuuzia mtoto pombe tu, na kwamba kumtuma aibebe ni msaada wa nyumbani. Sivyo, jamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Inakataza asifanyishwe kazi ya hatari, na kazi hizo imezitaja: kubeba mizigo mizito imo, na kazi za baa, hoteli na mahali pa starehe zimo pia. Dumu la lita 20 lina kilo 20 na zaidi. Basi mtoto anayelipeleka kilabuni amekutwa na makosa mawili kwa safari moja, na makosa hayo si yake, ni ya aliyemtuma. Tena sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kufanya kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Wako watakaosema, "Mbona sheria inaruhusu kazi nyepesi?" Ni kweli, kuanzia miaka 14, ikiwa haimdhuru afya wala haimharibii masomo. Kuchuma mchicha jioni na kuupeleka sokoni ni jambo moja. Kuosha makopo katikati ya walevi hadi saa nne usiku, huku binti anashikwa mkono na kila mwenye shilingi, ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna wepesi.

Mwajiri naye ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili.

Viroba vilipopigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, tulishangilia tukidhani mambo yamekwisha. Kilichokwisha ni kifuko cha plastiki. Tabia ya kumtumia mtoto kwa sababu ujira wake ni mdogo na hawezi kudai bado tunayo. Huo ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji ni jirani yetu tunayesali naye.

Najua shida ipo. Ada ya shule ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, daftari na viatu havikufutwa. Mama aliyeachwa na watoto wanne hamtumi mwanawe kwa kupenda. Kwa hiyo tukimkataza tu bila kumsaidia, tutakuwa tumempa maneno badala ya unga.

Napendekeza mkutano mkuu ujao tukubaliane mambo matatu. Kwanza, mwanachama anayeuza au kusafirisha pombe asitumie mtoto, hata awe wa kumzaa mwenyewe. Pili, tutenge fungu dogo katika mfuko wetu kwa ajili ya sare na daftari za watoto wanaotolewa katika kazi hiyo. Tatu, anayekaidi apelekwe serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii. Asiyetaka kuonekana apige simu namba 116, ya kusaidia watoto.

Na sisi wanywaji tunayo sehemu yetu. Pombe ikiletwa na mtoto, tusiinunue. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumekuwa tukimsifu kwa kunyamaza. Siku makopo yatakapobaki makavu, atatafuta mtu mzima wa kumlipa.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.