Funga taa nyuma ya gunia

Visingizio tumeshavisikia vya kutosha. Baiskeli ni ya zamani. Taa zinaibiwa. Njia naijua, nimekulia huku. Na kila siku, kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, jua la Dar es Salaam linazama upesi na barabara zinajaa baiskeli zisizoonekana: muuza madafu anarudi nyumbani, mbeba mkaa anaingia mjini, mlinzi anawahi zamu. Wewe mwendesha baiskeli unaliona gari kwa sababu lina taa, basi unadhani na dereva anakuona. Hakuoni.

Dawa inajulikana: taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Baiskeli nyingi za zamani zilikuwa na dinamo. Ukikanyaga, taa inawaka, betri ya nini? Dinamo hizo tumezing'oa wenyewe, eti zinafanya pedali ziwe nzito. Sawa, lakini siku hizi kuna taa ndogo za kuchaji kama simu, na mbele hata tochi iliyofungwa kwa kipande cha tyubu inasaidia. Nyuma isiwe nyeupe, maana anayekuja nyuma yako atadhani unamjia. Unaogopa wezi? Ivue uingie nayo ndani.

Wenye mizigo ndio hasa tunaotaka kusema nao. Wengi wana rifleta kwenye madigadi, kisha juu yake wanapakia magunia mawili ya mkaa yanayoning'inia mpaka karibu na lami. Ni sawa na kuwasha kibatari ukakifunika sufuria. Taa na rifleta zifungwe nyuma ya mzigo, mwisho kabisa, pale macho ya dereva yanapofika kwanza. Kamba ile ile iliyofunga gunia inatosha.

Halafu kuna hawa wanaoendesha upande wa kulia, wakipishana na magari ana kwa ana. Wanasema bora wayaone yanayowajia. Tupige hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, baiskeli 15. Likitokea nyuma linakusogelea kwa 35. Likitokea mbele, kwa 65. Na dereva anayetoka mchochoroni kukata kushoto anatazama kulia, ndiko magari yanakotoka. Wewe unamtokea kushoto, gizani, bila kengele. Nchi hii tunaendesha kushoto, na baiskeli, ingawa si chombo cha moto, upande wake ni huo huo.

Breki ya ndala hatutaki hata kuijadili. Nunua mipira ya breki.

Madereva msicheke. Baiskeli ikikwepa shimo inaingia upande wako, kwa hiyo unapoipita iachie nafasi ya kutosha, mita moja na nusu si nyingi, na kama nafasi haipo subiri nyuma. Honi ya kumshtua mtu sikioni haimsaidii kunyooka, inamyumbisha. Ukiegesha, tazama kioo kabla hujafungua mlango. Na bodaboda, njia za pembeni mwa Barabara ya Morogoro, zilizojengwa pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, hazikutengenezwa ziwe kijiwe chenu wala njia ya kukwepea foleni. Mkizijaza, mwenye baiskeli anarudi katikati ya magari, kisha mnamlaumu kwa kuwa huko.

Kwa hiyo tusisubiri kampeni wala semina. Trafiki wanaosimamisha daladala jioni wamsimamishe na mwenye baiskeli asiye na taa, wamwambie ashuke, aikokote. Na wewe uliyemwajiri mlinzi anayekuja kazini kwa baiskeli, mnunulie taa wiki hii, kabla hujamkata mshahara kwa kuchelewa.