Unga Wenu Unalala Wapi?

Kila Desemba wanakuja. Basi linaegeshwa, bale za unga zinashushwa, wazee wanapangwa kwenye viti vya plastiki, picha inapigwa. Kisha hao, wameenda. Mimi nina swali lisilo na adabu: huo unga unalala wapi usiku?

Nitawaambia, maana stoo za makao ya wazee nimeziingia. Unalala sakafuni, umeegemea ukuta unaotoka jasho. Kando yake kuna mtungi wa mafuta ya taa, na dawa ya choo iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Mzee mwenye macho hafifu ataitofautishaje na soda yenyewe? Mbao chache za kuinua magunia na kufuli ya kabati bei yake haifiki ya lile bango mlilopigia picha.

Na mahindi hayana mchezo. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini, 125 wakafa. Hawakula kitu cha ajabu. Walikula mahindi yao ya kila siku yaliyoshika ukungu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, hata sufuria ichemke mpaka kesho. Inazuiwa mapema: mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha yawekwe pakavu. Lakini nimemsikia msimamizi, gunia limefunguliwa na linanuka, akisema, “Sagisha tu, wakila na sukuma hawatajua.” Jameni!

Halafu pilau ya sherehe. Imebaki nusu sufuria, na kutupa chakula ni dhambi, si ndio? Inafunikwa, inaachwa mezani tangu saa nane, usiku inapashwa. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje saa nyingi huamka na kutoa sumu, na kupasha hakuiondoi. Wewe kijana utaharisha siku moja kisha uifanye hadithi. Shosho wa miaka 84 atakaukiwa maji kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Friji ipo, ndiyo, nayo ni ya msaada, imejazwa mpaka mlango haufungi. Stima ikipotea usiku, nani anajua ilikaa saa ngapi bila baridi?

Ukiuliza, unajibiwa: chakula ni cha kupewa, mnataka nini tena? Ati! Mpishi wa kibanda cha chapati anadaiwa cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi 6. Mpishi wa wazee 40 anadaiwa nini, tabasamu? Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hakikuongeza “isipokuwa kimeletwa na wasamaria wema.”

Kwa hivyo mwaka huu leteni rafu, mapipa yenye vifuniko, kipimajoto cha friji. Unga mkileta, uwe wa mwezi mmoja, si wa kumaliza stoo yenu. Na msimamizi akisoma tarehe kwenye pakiti akawarudishia bale mbele ya kamera, msinune.