Romeo na Juliette: wenye kupiga ndio wenye mali

Wengi watauliza: mutu wa sendika ya mgodi anatafuta nini mu muziki ya baleti ya Warusi? Jibu langu ni fupi. Hii rekodi nimeisikiliza mara mingi, mu basi ya kazi na ku nyumba, na ninaona iko na maneno yanayotuhusu sisi wafanyakazi kuliko hotuba mingi za tarehe 1 mwezi wa 5.

Ni Romeo na Juliette ya Sergei Prokofiev, baleti nzima, si vile vipande vichache vinavyouzwa peke yake. Orkestra ni London Symphony Orchestra, mwenye kuongoza ni Valery Gergiev. Walipiga mbele ya watu mu ukumbi wa Barbican, London, mwezi wa 11 mwaka 2008, diski mbili zikatoka mwaka 2010. Vipande ni 52, karibu saa mbili na nusu. Hakuna mucheza dansi wa kuangalia, hakuna nguo nzuri, kuko masikio tu.

Mbele ya kusema juu ya muziki, niseme juu ya wapigaji. Hii orkestra ilizaliwa na ugomvi wa kazi. Mwaka 1904, wanamuziki wa Queen's Hall kule London walikuwa na desturi yao: mutu akipata kazi ingine yenye malipo mazuri, anatuma mwenzake kushika nafasi yake. Mukubwa wao, Henry Wood, akakataza. Watu kama 40 wakaacha kazi pamoja, wakafanya orkestra yao wenyewe, na tarehe 9 mwezi wa 6 wakatoa konseri ya kwanza. Mimi kama delege ningepata shida kuwatetea ku ile maneno ya kutuma mwingine. Ku mgodi, mutu akituma ndugu yake kushuka mu shimo kwa jina lake, siku ya ajali tunalia nani? Lakini kile walichofanya nyuma ya kuacha kazi, kwa kile ninavua kofia. Mpaka leo wapigaji ndio wenye orkestra. Wasimamizi wanawachagua kati yao wenyewe.

Na diski vilevile ni yao. Inatoka ku LSO Live, nyumba ya kutoa diski ya orkestra yenyewe. Mwanamuziki halipwi kwanza malipo ya kurekodi. Analipwa fungu lake diski ikiuzwa. Iko na hatari, hatudanganyane: isipouzwa, mufuko unabaki mutupu. Mimi singekubali mapatano ya namna hii na patron. Lakini hapa patron haiko, hatari ni yao na faida ni yao. Mutu anayepiga trompeta akijua kama sauti yake ni mali yake, je, anapiga namna ingine? Siwezi kuonyesha kwa hesabu. Kwa masikio, ninaamini ndiyo.

Musikilize kipande cha 7, amri ya mukubwa wa mji. Watu wamepigana mu njia, mukubwa anafika kuwakataza. Trompeta, tromboni, ngoma, zote zinapanda mpaka sauti inakuwa kama chuma kinapasuliwa. Halafu, mara moja, zinakatika. Chini yake kunabaki violoni na wenzake, pole pole sana, kama walikuwa pale tangu mwanzo na hatukuwasikia. Mwenye amekwisha kusimama ku mulango wa kampuni wakati amri ya kufukuza watu inasomwa anajua ile kimya. Wanamuziki wa London wanaitoa bila kutikisika, mbele ya watu.

Kipande cha 13, dansi ya mashujaa, wengi mumekwisha kuisikia bila kujua jina lake: ndiyo iliyokuwa mu tangazo la manukato Egoïste ya Chanel mwaka 1990, na kule Uingereza wachezaji wa Sunderland wanaingia nayo ku kiwanja. Watu wanapenda ile miguu mizito. Mimi ninapenda katikati, wakati vishindo vinanyamaza na filimbi inaingia: ni Juliette anacheza na mwanamume ambaye wazazi wamemuchagulia. Gergiev haongezi sukari pale, anaiacha baridi, na ni vizuri.

Lakini kilele kwangu ni kifo cha Tybalt. Violoni zinakimbia bila kupumua, halafu orkestra nzima inapiga pigo moja moja, mara 15. Nimehesabu. Mukono mumoja ukichelewa, ukumbi mzima unasikia. Ndiyo kazi ya ekipi: pigo la kumi na tano liko sawa na la kwanza.

Makosa? Yako. Barbican ni ukumbi mukavu, sauti inafika karibu sana na inakufa haraka. Ku kipande cha Juliette na Romeo usiku, mbele ya dirisha, moyo unatafuta hewa na hauipati. Gergiev alikuwa amekwisha kurekodi hii baleti mwaka 1990 na orkestra ya Kirov, na pale mapenzi iko na joto zaidi. Tena ile dansi za njiani mu sehemu ya pili, bila miguu ya kuangalia, zinachosha kidogo.

Kuko jambo lingine mu hii muziki, sendika yoyote ingeipenda. Prokofiev aliiandika mwaka 1935, Bolshoi ikakataa, ikasema haichezeki. Mwisho wa kwanza Romeo na Juliette walikuwa wanabaki wazima, ukabadilishwa. Baleti ikaonyeshwa kwanza Brno, tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 1938, ndipo Kirov kule Leningrad mwezi wa 1 mwaka 1940, Galina Ulanova akiwa Juliette. Wacheza dansi walilalamika: huku juu ku jukwaa hatusikii orkestra vizuri, tutafuata nini? Prokofiev hakufurahi, lakini akaongeza vyombo. Basi uzito fulani tunaousikia leo ni lalamiko la wafanyakazi lililojibiwa.

Sasa maneno magumu. Prokofiev alizaliwa mwaka 1891 Sontsovka, mu Donbas, Ukraine. Donbas ni inchi ya makaa, ni Katanga ya wenzetu. Uwanja wa ndege wa Donetsk ulibeba jina lake, na vita ya 2014 mpaka 2015 iliuvunja wote. Na Gergiev? Tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 2022, mji wa München ulimufukuza ku orkestra yake sababu hakutaka kulaumu vita ya Urusi mu Ukraine. Kuko wanaosema tutupe diski zake zote.

Mimi sitamupigia Gergiev makofi. Mutu mwenye jina kama lake, anayejua kusema, akinyamaza wakati nyumba za wachimba makaa zinaanguka, kimya yake ni chaguo. Lakini hii diski haiko yake. Ku ngozi ya diski jina lake ni kubwa, majina ya wapigaji yako ndani ya kitabu kidogo, herufi ndogo ndogo. Ukisema "Romeo ya Gergiev" unasema kama yule mukubwa wa mgodi anayetangaza ku redio kama yeye ametoa tani elfu fulani, na hakuinua hata jiwe moja. Ukiitupa, unamutupia nani mukono mutupu? Yeye, ama mama wa violoni anayengojea fungu lake?

Mwenye kuwa na dakika kidogo tu aanze na kipande cha 7, halafu aruke mpaka 35, pale kuko mapigo 15. Mwenye kuwa na usiku muzima asikilize yote, na asizime mbele ya 52. Juliette anakufa pole sana, na simu ya bei ndogo haitoshi kuisikia, tafuta sipika.