Krimu ao buluu katika chumba cha watoto?



Juma hili tunajibu ulizo la mama mmoja wa Kadutu. Amepata zamu yake ya likirimba, anataka kupaka rangi chumba ambamo watoto wake watatu wanalala na kufanyia kazi za masomo. Baba anataka buluu ya mbingu, mama anataka krimu. Dirisha ni moja tu, nalo linatazama ukuta wa jirani.

Tuko upande wa mama. Chumba kingekuwa na madirisha mawili yanayotazama ziwa, tungechagua buluu bila mabishano. Lakini hapa mwanga ni haba. Krimu inarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, buluu inaumeza zaidi. Na usiku umeme ukikatika, mbele ya mshumaa buluu inafanana na majivu, kwani mwanga wa mshumaa ni wa manjano. Mtoto anayeinama hadi pua iguse daftari, sisi waalimu tunamjua sana.

Baba anasema krimu inachafuka upesi. Ni kweli, mikono ya watoto watatu si mchezo! Basi apewe buluu yake chini: tangu sakafu hadi metre moja, rangi ya mafuta, inayopanguswa kwa kitambaa na maji ya sabuni. Juu yote, krimu ya maji.

Kwanza pakeni kipande kidogo cha kila rangi ukutani, kikauke, mkitazame asubuhi na tena usiku kwa taa. Rangi ya ndani ya kopo si ile ya ukutani.

Hesabu: chumba cha metre 3 kwa 4, kuta za metre 2,5. Litre moja inafunika karibu metre 10 za mraba, mara moja. Kwa kupaka mara mbili, litre 3 za buluu na 4 za krimu zitatosha. Ukuta usiolainishwa unakunywa zaidi.

Rangi fulani za mafuta zina risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto. Tafuteni kopo lililoandikwa « sans plomb ». Rangi ya zamani msiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake ndilo hatari: lowesheni kwanza, watoto wakiwa mbali, na walale kwa shangazi mpaka harufu iishe.