i7 ya zamani, i5 ya juzi, na hiyo draivu ya DVD

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Umoja alinipigia simu Jumamosi moja akiwa katikati ya jiji, Luthuli. Mkobani alikuwa na shilingi 30,000 za chama, zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika, na binti yake alikuwa anaanza kozi ya uhasibu. "Kijana wangu," akaniambia, "hapa kuna i7 na kuna i5. i7 si ndiyo kubwa? Na tena i7 iko na mahali pa DVD. Hii ingine haina, na ndiyo wanaitishia pesa mingi. Hawa watu wananicheza?"

"Mama, usitoe pesa bado," nikamwambia. "Nakuja."

Ukiwa mwandishi wa programu na unaishi Eastlands, wewe pia ni daktari wa printa, mshauri wa simu na fundi wa televisheni, utake usitake. Nimezoea. Lakini swali la huyu mama lilinikaa kichwani, kwa sababu lina makosa mawili ambayo nayaona kila mara kuanzia Kayole mpaka Buruburu, na moja kati ya hayo mimi mwenyewe nililifundisha watu. Basi leo acha nilipe deni.

Kwanza mashine zenyewe. Ile ya i7 ilikuwa HP Compaq Elite 8300, ile ndefu ya kusimama: prosesa i7-3770, RAM ya GB 8, hadi diski ya GB 500, na draivu ya kusoma na kuchoma DVD. Shilingi 19,500. Ya i5 ilikuwa HP EliteDesk 800 G4, ndogo ya kulala: prosesa i5-8500, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, na pale pa draivu pamezibwa kwa kipande cha plastiki. Shilingi 27,000. Zote ni mtumba kutoka ng'ambo, na hilo si tusi. Kompyuta ya mtumba iliyotengenezewa ofisi mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei ya chini.

Muuzaji alikuwa anamwambia mama kwamba "i7 ni i7". Hiyo ni kama kusema Nissan ni Nissan. Hizi namba 3, 5 na 7 zinakuambia daraja ndani ya mwaka mmoja tu, hazikuambii lolote ukilinganisha miaka. Cha kuangalia ni namba inayofuata kistari. 3770 inaanza na 3, hicho ni kizazi cha tatu, mwaka 2012. 8500 inaanza na 8, kizazi cha nane, na prosesa hiyo ilitoka 2018. (Kuanzia kizazi cha kumi utasoma tarakimu mbili za mwanzo.) i7-3770 ina viini vinne, kila kimoja kikijifanya viwili. i5-8500 ina viini sita halisi. Kwa hiyo "ndogo" ina mafundi sita kwenye karakana, na "kubwa" ina wanne wanaokimbia huku na huku.

Hapa naomba wazee wenzangu wakumbuke Pentium 4. Kabla ya 2006 watu walikuwa wananunua gigahetzi kama wanavyonunua sukari kwa kilo. Intel wakaipandisha hiyo namba mpaka 3.8, mashine zikawa moto na kelele. Halafu Julai 2006 ikaja Core 2 Duo, na ile ya gigahetzi 1.86 tu ikawa inaziacha nyuma Pentium 4 zenye namba karibu mara mbili. Lebo ilikuwa inadanganya wakati ule, na lebo inadanganya sasa. Imebadilika herufi tu.

Lakini kasi siyo sababu kubwa iliyonifanya nimzuie mama. Ukweli ni kwamba i7-3770 bado inafanya kazi. Tatizo ni Windows. Windows 10 ilifika mwisho wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, au kwa upande wa AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda mbele, pamoja na kile kichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Elite 8300 ina toleo la 1.2. Mstari umepigwa hapo, na mashine moja ya mama iko upande huu, nyingine upande ule.

"Lakini hii i7 iko na Windows 11, si unaona?" Muuzaji akanigeuzia skrini. Kweli ilikuwepo. Msomaji, hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Kuna njia za kuipenyeza Windows 11 kwenye mashine isiyostahili, nami nimewahi kuzitumia kwa majaribio. Inaingia, inawaka, inapendeza. Ila Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na siku moja toleo jipya likikataa kuingia, muuzaji hatakukumbuka. Kwa hiyo usiamini picha iliyo kwenye skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa. Kisha fanya hivyo tena na uandike tpm.msc, uangalie kama ni 2.0. Ni dakika moja, na duka lililo na haki halitakukataza.

Kuna jambo la tatu ambalo hakuna anayelitaja dukani, nalo ni video. Sehemu ya picha iliyo ndani ya i5-8500 inaweza kufungua yenyewe video za aina ya VP9, ambazo YouTube hutumia sana. Ile ya i7-3770 haiwezi, kwa hiyo prosesa nzima inabeba mzigo huo, feni inalia, na tokeni za stima zinakwenda. Binti anayesoma kozi atatazama masomo ya video kila siku. Tena 800 G4 ina tundu la M.2 la kuongeza SSD ya kasi baadaye. 8300 haina.

Kama wewe ni mtu wa Linux, futa nusu ya niliyosema. Mimi ningeichukua ile i7 bila kusita, niitoe hadi diski, niweke SSD, niitumie miaka mingine mitano. Lakini sitamwambia mtoto wa uhasibu atumie Linux kwa sababu mimi naipenda. Mwalimu atampa kazi ya Excel yenye makro, na fomu ya KRA ya kujaza kodi nayo ni jedwali la makro. Ugomvi wangu na Microsoft nisiupeleke kwa mtoto wa jirani.

Sasa draivu. Hapa ndipo lilipo deni langu.

Mwaka 2006 niliponunua kompyuta yangu ya kwanza, pesa hazikutosha kila kitu. Nikachukua prosesa ya chini kabisa, Celeron D, ili nibaki na pesa ya draivu ya kuchoma DVD. Watu walinicheka. Lakini fikiria tulivyokuwa. Nyaya za baharini hazikuwa zimefika, SEACOM na TEAMS zilikuja 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, au ya laini ya simu. Kwa modemu ya kilobiti 56, faili la kujaza CD moja ya MB 700 lingekuchukua saa 28 hivi, kama laini isingekatika, na ilikuwa inakatika. Kwa hiyo mtandao wetu halisi ulikuwa diski. Programu zilikuja kwa diski, masomo yalikuja kwa diski, filamu alizosimulia DJ Afro zilikuja kwa diski. Hata Ubuntu ilikuja hivyo: ulijaza fomu, Canonical wakakutumia CD bure kwa posta, nawe ukaenda kufungua sanduku la barua kama mtu anayesubiri barua ya kazi. Walifanya hivyo kuanzia 2005 mpaka 2011.

Ile draivu ilijilipa. Nilichoma nyimbo za kwaya, picha za harusi, na nakala za faili za watu waliokuwa wanaogopa virusi. Nikawa namwambia kila anayeniuliza, "Draivu kwanza, prosesa baadaye." Ulikuwa ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba ushauri ulibaki mtaani na sababu yake ikaondoka. Siku hizi programu ya Windows 11 yenyewe haitoshi kwenye DVD ya kawaida ya GB 4.7. Hata Ubuntu, ile iliyokuwa inaenea kwenye CD moja, haitoshi. Utaweka vyote kwa flashi. Halafu nasimama dukani namsikia mama wa watu akirudia maneno yangu ya 2006, na maneno hayo yanampeleka kwenye mashine mbaya.

Muuzaji akaona pa kuingilia. "Nitakuwekea DVD kwa hii i5, ongeza elfu moja mia tano tu." Nikamuuliza mama, "Unataka DVD ya nini hasa?" Nilidhani atasema filamu.

Akasema ana diski nne nyumbani. Harusi, 2005. Sherehe ya kifungua mimba kufuzu chuo, 2011, ambapo baba yao alitoa hotuba. Nyingine ya mwaka huohuo. Na ya mazishi ya huyo baba, 2014. Mashine yao ya kuchezea DVD iliharibika zamani. "Huyu mdogo hakumbuki sauti ya baba yake," akasema. "Nataka asikie."

Hapo nikanyamaza kidogo. Hapa Eastlands, nyumba ngapi zina diski kama hizo kwenye droo, chini ya vyeti vya kuzaliwa? Mpiga video alikupa DVD moja, akafuta kanda, ukaisha mchezo. Na diski ya kuchomwa siyo kama ile ya kiwandani. Ya kiwandani data yake imegandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchomwa imeandikwa kwa mwanga juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia, hasa ikikaa kwenye joto la bati au dirishani penye jua. Diski ya 2005 haikusubiri wewe ununue kompyuta.

Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kuhitaji draivu, ila alikosea mahali pa kuiweka. Anaihitaji kwa jioni moja au mbili maishani. Kulipia draivu ndani ya kila kompyuta kwa kazi ya jioni mbili ni hasara, na kuchagua prosesa ya 2012 kwa ajili yake ni hasara zaidi. Mimi nina draivu ya nje, ya USB, niliyoinunua kwa shilingi 2,500. Inatosha ploti nzima. Nikamwambia achukue i5 bila kuongeza kitu, na badala ya draivu tukamkaba muuzaji atupe adapta, kwa sababu skrini ya nyumbani ni ya VGA na G4 inatoa DisplayPort. (Angalia matundu kabla ya kulipa! Nimeona watu wakirudi Luthuli siku hiyohiyo kwa ajili ya waya tu.) Akabaki na shilingi 3,000 za kibodi, mausi na nauli.

Kama unaendesha saiba, au unapiga video za harusi, au kanisa lako bado linauza diski, hesabu yako ni nyingine: weka draivu ndani, utaitumia kila wiki.

Jioni ile tukaanza kunakili. Diski za namna hii hazina kufuli, kwa hiyo kazi ni rahisi: unaburuta folda ya VIDEO_TS mpaka kwenye SSD, unaifungua kwa VLC. Usitegemee Windows, yenyewe haichezi DVD bila kuongezewa programu. Diski zote nne hazifiki GB 19, na nikamwambia aweke nakala ya pili kwenye flashi na ya tatu kwa mtoto wake mkubwa. Ya mazishi ikaingia. Ile isiyojulikana ikawa ni ya kuwekea rehani shamba, hakuna aliyejua kwa nini ilirekodiwa, tukacheka. Ya harusi ikaingia na mikwaruzo michache.

Ya 2011, yenye hotuba, ikasoma mpaka katikati halafu draivu ikaanza kugugumia. Nikaipandisha juu kwangu, kwenye mashine yangu ya Linux, nikaiwekea ddrescue. Hii programu haikati tamaa kama Windows. Inasoma kwanza sehemu zilizo nzima, inaandika orodha ya zilizokataa, halafu inazirudia moja moja, hata kinyumenyume ukitaka, kipande cha baiti 2,048 kwa wakati. Usiku wa kwanza ilipata asilimia 91. Wa pili, 94. Binti ameshapanda ngazi mara mbili kuniuliza, na sijui kama hotuba iko ndani ya hizo 94 au kwenye sita zilizobaki, kwa sababu sijataka kuifungua kabla yao. Usiku huu nimeifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, nikaipumzisha draivu ipoe. Naiwasha tena sasa hivi.