TAHARIRI: Ufuska haukomeshwi kwa fimbo

Katika vijiji vya Mgeta malalamiko ya wazee baada ya swala ya Ijumaa yamekuwa ni yale yale. Kijana huteremka na magunia ya kabichi hadi Morogoro au Kariakoo, na akirejea hurejea na suruali isiyokaa kiunoni na simu iliyojaa nyimbo za Marekani. Sasa wapo wanaotaka sungusungu wapewe idhini ya kuwazuia mabinti njiani na kuwakagua mavazi. Hapo hatuwezi kunyamaza.

Ndugu zetu katika imani, jambo hili limekwishajaribiwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969: marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Novemba 1969 ikafika zamu ya muziki wa soul wa Wamarekani weusi, uliozuiwa jijini Dar es Salaam. Kilipatikana nini? Kabla hata tarehe ya utekelezaji haijawadia, makundi ya wanaume yaliwavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi Kariakoo, yakawapiga na kuwachania nguo. Eti kwa kulinda stara, mwanamke akavuliwa stara yake hadharani! Na muda si mrefu mjini zikaenea pekosi na raizoni.

Wazee wetu nao watusamehe. Wengi wao ujanani hawakuikosa Morogoro Jazz ilipokuwa na Mbaraka Mwinshehe, na waliowatangulia walicheza Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyeianzisha mwaka 1948 baada ya kuvutiwa na santuri za Kyuba. Nao pia waliitwa walioharibika.

Hatusemi kwamba kila wimbo ni halali masikioni. Tunasema kwamba aliyepewa fimbo ya kukagua sketi hataishia kwenye sketi, na kwamba fimbo hiyo huwaangukia mabinti peke yao, huku kaka zao wakipita na suruali zao.

Madrasa zetu nyingi humuaga kijana akishahitimu Msahafu, naye bado mtoto. Baada ya hapo tunamkumbuka siku ya kumkaripia. Tunaziomba kamati za misikiti ya Mgeta ziweke darasa la jioni, siku zisizo za gulio, la wavulana na la mabinti, na kikao cha kwanza wawasikilize vijana wenyewe kabla ya kuwahutubia.